Jeni Hazibadiliki, Malaria Inazuilika

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya Marekani kwa siku 90. Mpango wa Marekani wa kupambana na malaria, PMI, ambao Tanzania ilikuwa kati ya nchi tatu za kwanza kuchaguliwa mwaka 2005, ukayumba. Ulikuwa uamuzi mbaya, na madhara yake hayaishii kwenye homa. Kwa mtoto wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, chandarua ni kinga ya saratani pia.

Nazungumzia saratani ya Burkitt. Taya linavimba, magego yanalegea, mama anadhani ni jino bovu. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na Hospitali ya Bugando iko Mwanza, safari ndefu ya basi kupitia Kakonko, Nyakanazi na Geita.

Anayesema ugonjwa huu una urithi ndani yake hajakosea kabisa. Utafiti wa EMBLEM uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, kwa fedha za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, umehusisha baadhi ya jeni za kinga za kundi la HLA na hatari ya kuugua. Kazi ya jeni hizo ni kuzionyesha seli T za kinga vipande vya virusi ili zishambulie.

 

Lakini jeni peke yake haioteshi uvimbe. Karibu kila mtoto wetu hupata virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusika na saratani hii, akiwa mdogo, na walio wengi hawaugui Burkitt kamwe. Malaria ya kila mara ndiyo inayoharibu mambo: inazidisha seli B ambamo virusi hujificha, inachosha seli T, na inachochea kimeng'enya kinachosababisha DNA ya seli B kukatika. Ikikatika pasipostahili, jeni ya MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, na seli hugawanyika bila kukoma. Katika wilaya ya North Mara, kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini, dawa ya malaria. Burkitt ikapungua; vidonge vilipokoma ikapanda. Ni kweli kwamba kupungua kulianza kabla ya vidonge, na watafiti walilisema hilo wazi. Kule kupanda tena, je? Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka malaria ya maeneo yenye maambukizi makali kati ya visababishi vinavyoelekea kuleta saratani. Mwaka 2017 Kigoma iliongoza nchini, takriban 24% ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea.

Sasa nchi iliyolipia kusoma jeni za watoto wetu, ambazo hakuna awezaye kuzibadilisha, ndiyo iliyofunga mkoba wa malaria, kitu pekee tunachoweza kukizuia! Wengine watasema Marekani ina haki na fedha zake, nasi tujitegemee. Sawa, tujitegemee; na Dodoma nako tusidanganyane. Vyandarua vya Kibondo, Kasulu na kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu vipewe fungu lake katika bajeti yetu, lisilongoja sahihi ya mtu yeyote Washington.