Tusiwanyime Wazee Mazoezi ya Mkono
Mama yangu alipoteleza akavunjika kifundo cha mkono, sisi wanawe tulimkataza hata kuinua kikombe. Tulidhani ni heshima. Kumbe tulikuwa tukimdhuru. Plasta ilipotolewa baada ya majuma sita, mfupa ulikuwa umeungana, lakini vidole vimekakamaa hata hakuweza kujifunga leso. Hospitalini hatukuambiwa kwamba vidole, kisugudi na bega hupaswa kukunjwa na kunyooshwa tangu siku za mwanzo, mkono ungali umefungwa plasta. Daktari Abraham Colles aliueleza mvunjiko huu huko Dublin mwaka wa 1814. Vipi basi mzee arudishwe nyumbani na vidonge tu? Nashikilia kwamba aonyeshwe mazoezi hayo kabla ya kuruhusiwa, jamaa zake wakisikiliza. Siku hizi Mama hukamua kitambaa kilicholowa kila asubuhi, huku akitusuta.