Akitukanwa Mwenzako Kaunta, Usijifanye Unapanga Bidhaa

Leo tunaacha kidogo uji na chanjo, tuongelee kazi ya dukani. Wengi mnaonisoma mnasimama kaunta: supamaketi, duka la nguo, duka la dawa, kibanda cha wakala wa pesa. Na kama wewe husimami, basi mdogo wako au mke wako anasimama.

Naanza na hoja yangu ili tusizungukane. Mteja akimtukana mfanyakazi, tusi linauma. Lakini wenzake waliosikia wakainamisha vichwa, wakajifanya wanapanga sabuni kwenye shelfu, wanaumiza zaidi, na hilo linakaa moyoni muda mrefu. Uzuri wake ni kwamba hili dawa yake iko mikononi mwenu. Haina haja ya kusubiri bosi abadilike.

Vyanzo mnavijua. Bei ya kwenye shelfu haifanani na ya kwenye mashine. Chenji hamna. Mtandao unasumbua, muamala umekwama. Mtu anataka antibayotiki bila cheti cha daktari na muuzaji amekataa. Mteja ana haki ya kulalamika, hilo silipingi. Arekebishiwe bei, apewe chenji yake. Ila aliyepanga bei si yule dada, na mtandao hakuuzima yeye. Ukimwambia mtu "mjinga wewe", au "kama mimba imekuchosha kaa nyumbani ulee", hapo umeshatoka kwenye malalamiko. Na ukimshika mkono dada anayekupa risiti huku unamwambia "lete namba mrembo", huo sio utani. Wenzake wakicheka, wamemwachia mzigo mara mbili.

Sasa nisikilizeni kama nesi. Mtu akifokewa, mwili unajiandaa kana kwamba umevamiwa. Adrenalini inapanda, moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, mikono inatetemeka, na hata hesabu ndogo ya chenji inagoma. Ndo maana anayetukanwa anakosea tena, na mteja anapata sababu ya kufoka zaidi. Sio kwamba kazi haijui.

Kwa mama anayenyonyesha kuna la ziada. Maziwa husukumwa yatoke na homoni inayoitwa oksitosini, na hofu au msongo huweza kuichelewesha. Mama anarudi nyumbani, mtoto anavuta, maziwa hayashuki. Anaanza kuamini yamekauka, na jirani anamshauri maziwa ya kopo. Hayajakauka mama. Kaa utulie, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe mara kwa mara, yatashuka. Na wewe mjamzito, ukipata maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, au mtoto kupunguza kucheza, usiseme "ni hasira tu za yule mteja". Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwili ulioshtuka husaidika sana ukiona kwamba hauko peke yake. Wodini tunalijua hili. Ndugu wa mgonjwa akianza kumfokea nesi, mwenzake anasogea na kusimama pembeni. Mara nyingi sauti inashuka hata kabla hajasema neno. Anayemwonea mtu mmoja hapendi kuonwa na wawili.

Basi mfanyeje? Kwanza mkubaliane mapema, asubuhi kabla ya kufungua, wakati hakuna mwenye hasira. Chagueni neno la kuitana. Mfano "karatasi ya risiti imeisha". Mwenzako akisema hivyo, acha unachofanya, sogea.

Ukifika, simama ubavuni kwake. Usimkanyage mwenzako kwa kumsemesha mbele ya mteja. Ongea na mteja kwa heshima zake zote: "Shikamoo mzee. Bei tutaiangalia sasa hivi, ila matusi hapana." Kisha mpe mwenzako mlango wa kutokea: "Dada, hebu nisaidie kuangalia kitu stoo, hapa nitamalizia mimi." Ametoka bila aibu. Akitaka kubaki amalizie mwenyewe, mwache, ila usiondoke.

Usirudishe tusi. Msimzunguke mteja kama mnataka kupigana. Na simu zibaki mfukoni, maana video ikisambaa, uso utakaokumbukwa ni wa mwenzenu akilia. Akitishia kupiga au akimshika mwili, huyo si wa kubembelezwa tena. Itwe ulinzi, na ikibidi polisi. Vituo vyetu vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kudhalilishwa kazini ni jambo la kupeleka pale.

Mteja akishaondoka, hapo ndo wengi tunapolegea. Mpe mwenzako dakika tano. Akae, anywe maji, ashushe pumzi polepole. Mwambie: "Nimesikia alichokwambia. Hukustahili." Inatosha. Usimwambie "ungenyamaza tu", wala "na wewe unavyojibu", wala "ndo wateja walivyo". Halafu msaidie kuhesabu pesa ya kwenye droo. Mikono ilikuwa inatetemeka, huenda alizidisha chenji, na jioni upungufu ukikatwa kwenye mshahara wake atakuwa ameumizwa mara ya pili siku hiyo hiyo. Na kesho yake muulize tena amelalaje. Wengine kilio chao huja usiku.

Wekeni daftari. Tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Sio la umbea, ni la kumbukumbu.

Najua mtakachosema: "Nesi, wewe huna bosi kama wetu. Ukutani kaandika mteja ni mfalme, tukifungua mdomo tunafukuzwa." Hofu hiyo ina msingi, siibezi. Kodi ya nyumba haisubiri. Ila angalieni tofauti. Akienda mmoja analia, ataambiwa avumilie, au kazi haimfai. Wakienda watatu na daftari, wakasema "bosi, mwezi huu imetokea mara kadhaa, na nyingi zinaanzia bei za shelfu zisizofanana na mashine", hapo wameleta tatizo pamoja na chanzo chake. Bosi anayejua hesabu atarekebisha bei kabla hajampoteza mfanyakazi aliyekwisha kumfundisha kazi.

Na sheria haijawaacha uchi. Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa la kutumia lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unataka watu wa nje ya ajira nao waangaliwe, na dukani watu hao ni wateja. Kwa walioajiriwa, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, TUICO, kipo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Kwa hiyo mwenzenu akitoka kwenda kunyonyesha na foleni ikaanza kunung'unika, msimnunie wala msimtupie lawama mbele ya wateja. Semeni "anarudi, tuwahudumie huku". Hiyo nayo ni kusimama ubavuni.

Wewe unayekaa peke yako kwenye kibanda cha wakala, usidhani haya hayakuhusu. Wenzako wa kazi ni mama lishe wa pembeni, fundi cherehani wa jirani, na kijana wa bodaboda anayeegesha hapo. Ongea nao leo. "Mkinisikia nimepaza sauti kuuliza muda, njooni." Na wewe wakikuita, nenda, maana hata mama lishe ana wateja wanaokula kisha wanatukana.

Na sisi tulio upande wa pili wa kaunta? Ukiwa kwenye foleni na mwanao kiunoni, mtu mbele yako akaanza kumtukana muuzaji, mtoto yule anasoma. Anasoma kwa mteja, na anasoma kwako pia. Huna haja ya kugombana na mtu mwenye hasira huku umebeba mtoto. Zamu yako ikifika mwambie muuzaji, "Pole dada, tumesikia, wala usiwe na haraka." Maneno hayo ni bure, na yanamshikilia mtu mpaka saa ya kufunga.

Baba nyumbani, mkeo akirudi kimya kuliko kawaida, usianze na "chakula vipi?" Mchukue mtoto, mwache avue viatu, muulize siku imekwendaje. Akisema ametukanwa, usimwambie aache kazi kesho, na usitake kujua mteja huyo anakaa wapi. Msikilize mpaka amalize.

Mimi naamini duka ambalo wafanyakazi wake wanasimamiana ni salama kuliko lenye kibao kikubwa cha onyo mlangoni. Kibao hakisogei ubavuni kwa mtu. Mwenzako anasogea.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hamjafungua, waulize wenzako swali moja: "Mmoja wetu akitukanwa leo, neno letu ni lipi?" Chagueni, mcheke kidogo, mfungue duka. Kisha mje mniambie mlichagua neno gani.

Usiku mwema mama zangu.