Yai Hutangulia Hedhi

Na uchukuliwe mfano wa askari mmoja wa Uganda, miongoni mwa wale ambao tangu mwaka 2007 wamekuwa wakipelekwa Somalia kulinda amani. Anarudi kambini kwa likizo na kumkuta mkewe ananyonyesha mtoto wa miezi saba. Tangu ajifungue, bibi hajaona hedhi. "Hakuna hofu, mama watoto," asema bwana, "siku zako bado hazijarudi." Bibi anakubali, kwani hata mama yake mzazi alimfundisha hivyo. Likizo inakwisha, bwana anarejea kazini, na baada ya miezi michache bibi anaambiwa kliniki kwamba ni mjamzito. Habari zinapomfikia bwana huko aliko, furaha inageuka shaka: mtu asiyeona hedhi apataje mimba?

Swali hilo laweza kuvunja nyumba. Hata hivyo, jibu lake limo katika maumbile ya mwanamke, wala halina aibu yoyote.

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na akiba yake ya mayai katika ovari, yaani vile viungo viwili vidogo vilivyo kando ya mji wa mimba. Akiba hiyo hufikia kilele angali tumboni mwa mama yake, kiasi cha mayai milioni 6 au 7. Azaliwapo hubaki kati ya milioni 1 na 2, na avunjapo ungo hubaki kama 300,000. Katika hayo yote, ni mayai 400 hivi tu yatakayopevuka na kutoka maishani mwake.

Kila yai hukaa ndani ya kifuko kidogo. Vifuko huanza kukua vyenyewe, vichache vichache, kwa muda wa miezi. Lakini vikifika kimo fulani haviwezi kuendelea bila amri. Amri hiyo hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi ukubwa wa punje ya njegere. Tezi hiyo hupeleka katika damu homoni mbili: moja hukuza kifuko, nyingine hukipasua ili yai litoke. Nayo pituitari haitendi kwa hiari yake, bali hungoja ishara kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, ishara zijazo kwa mapigo kama ngoma. Muundo wa homoni iletayo ishara hizo ulifunuliwa mwaka 1971 na makundi ya wataalamu Andrew Schally na Roger Guillemin huko Marekani, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Yai likisha kutoka, kile kifuko kitupu hugeuka rangi ya manjano na kuanza kutengeneza homoni iitwayo projesteroni, ambayo hulinda mji wa mimba. Mimba ikitunga, kijusi hupeleka homoni yake kukiarifu kifuko hicho kisiondoke kwenye lindo. Homoni hiyo huonekana katika mkojo wa mama. Mwaka 1928 wataalamu Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walionyesha kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa katika panya wachanga, ovari zao huamka kabla ya wakati. Vipimo vya mkojo vitumiwavyo siku hizi kliniki hutafuta homoni iyo hiyo.

Kati ya juma la 7 na la 9 la mimba, lindo hubadilishwa. Kondo la nyuma hushika zamu na kutoa projesteroni na estrojeni kwa wingi mno. Homoni hizi mbili huunyamazisha ubongo pamoja na pituitari. Vifuko vidogo katika ovari huendelea kuanza kukua kama kawaida, lakini kwa kukosa amri hunyauka bila kupevusha yai. Ndiyo sababu mwanamke mwenye mimba hapati mimba nyingine juu yake, isipokuwa kwa nadra sana. Vidonge vingi vya kupanga uzazi hufuata njia iyo hiyo: humpa mwanamke homoni za namna hiyo, na yai halipevuki.

Mama ajifunguapo, kondo la nyuma hutoka, na mlinzi yule mkuu huwa ameondoka. Katika siku chache homoni zake hushuka. Mama asiyenyonyesha aweza kupevusha yai kabla ya juma la nne kwisha. Kwa hiyo waganga huhesabu kwamba kinga yamfaa tangu siku ya 21 baada ya kujifungua.

Kwa mama anyonyeshaye huingia mlinzi wa tatu, naye ni kinywa cha mtoto. Kila mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya titi hupeleka habari ubongoni, na yale mapigo ya ishara huvurugika. Pituitari haipati amri kamili, na vifuko havikui hadi kupevuka. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba ulinzi huu waweza kutegemewa kwa masharti matatu: mtoto awe hajatimiza miezi 6, awe ananyonya maziwa ya mama tu au karibu tu, mchana na usiku, na mama awe hajaona hedhi. Masharti yote yakitimizwa, katika kina mama 100 hawafiki 2 wapatao mimba katika miezi hiyo. Sharti moja likivunjika, mlinzi amesinzia.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule askari. Yai hupevuka kwanza, na hedhi hufuata baada ya majuma mawili hivi, ikiwa mimba haikutunga. Kwa hiyo yai la kwanza baada ya uzazi laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, na jambo hili huzidi kutokea kadiri miezi inavyopita na mtoto anavyoanza uji. Mtoto wa mfano huu alikuwa na miezi saba. Yai lilitoka, likakutana na mbegu za baba yake, na hedhi haikupata nafasi ya kuonekana.

Bwana ahesabuye majuma na ajue jambo jingine. Umri wa mimba uandikwao kliniki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani majuma mawili hivi kabla ya mimba kutunga. Kadi ikionyesha majuma 14, mimba ina majuma 12 hivi kamili. Na kwa mama asiyeona hedhi, hakuna pa kuanzia hesabu. Kipimo cha picha kifanywacho mapema ndicho kitoacho makisio bora. Mtu asimhukumu mwenziwe kwa hesabu asiyoielewa.

Wazee wa pwani huonya juu ya kumbemenda mtoto, wakidhani kwamba baba akikutana na mama anyonyeshaye, maziwa huharibika. Maziwa hayaharibiki. Lakini onyo hilo lina chembe ya hekima, kwa kuwa mimba ya haraka mara nyingi humwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya kwashakoo kwa jina la lugha ya Kiga, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto mkubwa mdogo wake azaliwapo.

Shirika la Afya Duniani hushauri ipite miezi 24 angalau tangu kujifungua hadi mimba ifuatayo. Basi, kabla ya likizo kuanza, bwana na bibi na wamwone mkunga pamoja. Kondomu, kitanzi na vijiti havimzuii mama kunyonyesha. Vidonge vyenye estrojeni hungoja hadi mtoto atimize miezi 6, ila vipo vingine visivyo na homoni hiyo.

Na ikiwa mimba imekwisha kutunga, ugomvi hautairudisha nyuma. Mama mwenye afya aweza kuendelea kumnyonyesha mtoto wake huku akifuata ushauri wa kliniki, na mtoto apewe pia maharagwe, mayai na dagaa. Askari ajuaye kwamba yai hutangulia hedhi atapiga simu nyumbani kuuliza hali ya mkewe, wala si kumtaka ajieleze.