Usipapase Mpira Unaovuja

Fundi unayetafuta mvujo kwenye kijiko cha zamani kwa kupitisha kiganja juu ya mpira wa haidroliki huku injini ikinguruma, acha leo. Masika yanakaribia, na mitambo iliyolala uani tangu mradi uliopita inaamshwa harakaharaka ikachimbe mitaro. Mipira yake imekakamaa kwa jua. Mingine inavuja kupitia tundu ambalo jicho halilioni.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi. Ndani ya mpira wa JCB 3CX au Case 580 ikiwa kazini, presha hukaribia au hupita paundi 3,000 kwa inchi ya mraba, na paundi 100 tu zinatosha kutoboa ngozi. Oili itokayo kwenye tundu hilo haimwagiki, inachoma, glavu haiizuii. Kinachodanganya ni jeraha lenyewe: kitone kama cha sindano, damu kidogo au hakuna kabisa, maumivu ya kuvumilika. Fundi anafuta mkono kwa tambara, anarudi kazini. Saa chache baadaye kidole kimevimba na kukakamaa, oili imetambaa ndani kufuata kano, nyama inaanza kufa. Anayengoja hadi kesho yake huenda akakatwa kidole, pengine na mkono.

Kwa hiyo usisubiri uvimbe. Usikamue, usikande, usijipake dawa ya kidonda. Nenda saa hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, na useme wazi: "Oili ya haidroliki imenipenya kwa presha." Ukisema umechomwa na waya, utachomwa sindano ya pepopunda na kurudishwa nyumbani, na hapo wa kulaumiwa si muuguzi. Beba na kopo la oili, au piga picha ya lebo yake.

Mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi gumu au ubao, ukiwa umevaa miwani na umesimama mbali kidogo. Ukiupata, shusha baketi ya mbele na mkono wa nyuma mpaka chini, zima injini, kisha sogeza vishikio vyote mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Ndipo ulegeze nati ya mpira.

Kama kazi inalazimu mikono ya mbele ibaki juu, kuna chuma cha usalama kinachovikwa kwenye fimbo ya silinda. Katika mitambo mingi iliyozeeka chuma hicho hakipo tena, pengine kilishauzwa skrepa. Tajiri akitafute au achongeshe kingine kwa vipimo vya mtengenezaji. Gogo la mwembe na jeki ya gari havitazuia mikono hiyo mpira ukipasuka, na tingo ndiye huwa chini yake.

Halafu spea. Iwe kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kirinyaga Road, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira kabla hujatoa pesa. R1 ina tabaka moja la waya, R2 ina mawili. Kwa unene wa nusu inchi, R1 ya kawaida inastahimili kama bar 160, R2 kama 275, na presha ya kijiko huwa katikati hapo. R1 itaingia vizuri, itafungwa, na bei yake itakufurahisha. Mpira uliokatwa kwenye mtambo mfu uukatae, na ule wa kubanwa kwa klipu usiutazame hata mara mbili.

Jingine ambalo maduka hayalisemi: breki za JCB 3CX nyingi hutumia oili nyepesi ya madini, si ile ya breki za magari. Ya magari huvimbisha sili, na breki hufa mtambo ukiwa mteremkoni. Kama imeshatiwa, mtambo usitoke getini mpaka mfumo usafishwe na sili zote zibadilishwe.