Kamera, nyota na usiku wa 29

Wazazi kadhaa wametufikia na shaka moja. Kijana ameanza kupiga picha za nyota; akiba yake imeishia kwenye kamera iliyokwisha kutumika na stendi ya miguu mitatu, na usiku hutoka nje wakati nduguze wamelala. Je, huku si kupoteza wakati?

Sisi hatuoni hivyo, ila kwa masharti tutakayoyataja. Ama hoja kwamba picha zina utata katika dini, mjadala wa wanazuoni umehusu viumbe wenye roho. Nyota, milima na bahari havimo.

Wengi hawajui kwamba mpiga picha wa nyota hutegemea kalenda yetu ya Hijria kuliko ile ya ukutani. Mbalamwezi huzifuta nyota, kwa hiyo nyusiku zake ni zile za mwisho na za mwanzo wa mwezi mwandamo. Mwenye kufunga siku za 13, 14 na 15 anajua pasi na kuambiwa kwamba usiku huo si wa kutafuta Njia Nyeupe. Wala hahitaji kukesha. Mwezi Agosti, mawingu yakiwa machache, kitovu cha mkanda huo, baina ya Akarabu na Kausi, huwa kimepanda juu sana mara tu baada ya swala ya Isha. Kijana anayedai kwamba lazima abaki nje hadi saa tisa usiku, kisha Alfajiri ikampita, na aulizwe vizuri.

Kazi yenyewe inafundisha subira na hesabu. Ardhi huzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo kamera ikiachwa wazi muda mrefu nyota hugeuka vistari. Wapiga picha hugawa 500 kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 24 hupata takriban sekunde 20, na kamera za bei nafuu zenye kihisi kidogo hupata chini ya 14. Kijana atakutana pia na majina aliyoyasoma madrasa katika sura nyingine: Aldebaran ni mfuataji, kwa kuwa hukifuata Kilimia, Rigel ni mguu, Altair ni mwenye kuruka. Usiku wa Novemba, mvua za vuli zikimruhusu, aielekeze kamera kaskazini atafute lile wingu dogo ambalo Abd al-Rahman al-Sufi aliliandika katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964. Leo tunajua kwamba ni kundi kubwa la nyota, na mwanga wake husafiri takriban miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia.

Lakini lililotusukuma kuandika ni jambo zito zaidi, nalo ni hilali. Kila jioni ya tarehe 29 Shaabani na 29 Ramadhani simu hujaa picha, na watu huwa tayari kufunga au kufungua kwa picha moja isiyojulikana ilikotoka. Huenda ni ya mwaka mwingine au ya nchi ya mbali. Hilali ya kwetu, karibu na Ikweta, aghalabu hulala kama mtumbwi. Ile ya Ulaya husimama zaidi. Isitoshe, baadhi ya simu za kisasa zimefundishwa sura ya mwezi, hata huongeza katika picha madoa ambayo lenzi haikuyaona.

Na hata picha ya kweli ina mazito yake. Tarehe 8 Julai 2013, kuelekea Ramadhani ya mwaka 1434, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana, katika dakika ile ile ya mwandamo wa kifalaki, ukiwa karibu na jua kiasi ambacho hakuna jicho la mwanadamu lingeuona. Alitumia darubini na kizuizi cha mwanga wa jua. Picha ilikuwa sahihi, lakini je, huo ni mwezi ulioonekana? Hapo kamera haikati hitilafu, bali huliongezea swali. Jibu tunawaachia wanazuoni. Ila mpiga picha anapaswa kujua kwamba alichobeba ni ushahidi, na ushahidi una adabu zake. Atunze faili la asili bila kulipamba, aandike saa na mahali, aseme kama aliuona kwa macho au kwa mtambo tu, kisha aipeleke kwa wanaohusika kabla ya kuitupa katika makundi ya simu.

Masharti tuliyoahidi ni machache. Asiende ufukweni peke yake. Asielekeze lenzi wala darubini magharibi kabla jua halijazama kabisa, kwani jicho huungua pasi na maumivu. Binti naye hazuiwi. Paa la nyumba yao, akiwa na kaka au mama, linatosha, na taa za nje zikizimwa nusu saa majirani nao watauona Kilimia. Asiyekuwa na kamera aanze na simu iliyoegemezwa kwenye tofali, kipima muda kikiwekwa sekunde 10 ili mkono usiitikise.

Tarehe 29 ijayo, vijana wenye kamera tunawaomba waungane na watazamaji wa mwezi wa msikiti wao. Wafike kabla ya Magharibi, na macho yatangulie lenzi.