KAMERA YA MAJINI NI JEMBE, SIYO PAMBO

Ndugu wanaushirika,

Tumesikia wengine wakisema kamera ya majini ni anasa ya watalii. Sisi tunasema hapana. Vizimba vyetu vya sato vikitoboka, samaki wanakwenda zao, deni linabaki. Na kila mara tunamtuma kijana azamie kukagua nyavu, kwenye ziwa lenye kichocho na mamba. Jamani, mtoto wa mwenzio siyo kifaa!

Tununue ipi? Tusidanganywe na sifa za dukani. Tuulize kwanza: inavumilia kina gani? Olympus TG-6 ya mwaka 2019, kwa mfano, imetengenezwa kuvumilia mita 15. Simu ndani ya mfuko wa nailoni tusiiamini hata kidogo.

Matumizi yake siyo magumu. Maji ya Musoma yana ukijani na tope, basi kamera iwe karibu na wavu, urefu wa mkono tu. Kazi ifanyike saa sita, jua likiwa juu. Taa yake izimwe, la sivyo kila chembe ya tope itang'aa na tundu halitaonekana. Iwashwe video, ifungwe kwenye upondo, iteremshwe kutoka mtumbwini. Kabla ya hapo mpira wa kifuniko ufutwe. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji.

Tunapendekeza atunze mtu mmoja, na daftari la kutia sahihi. Isiende harusini!

Mwenye hoja nyingine aje nayo mkutanoni, siyo kilabuni.

Katibu wa Chama, Kijiji