Hesabu Isiyokaguliwa

Walinitoa kundini usiku wa siku ile ile matokeo yalipotoka. Nilikuwa Same mjini, chumbani kwangu, nimebandika makande jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Mchana admini alikuwa ameandika: "Waliofaulu waandike PASS na pepa waliyofaulu. Wengine tutawafuata pembeni." Sikuandika kitu, kwa sababu pepa zote mbili nilizofanya nilikuwa nimefeli. Nikasubiri kufuatwa pembeni. Saa 3 usiku simu ikaniambia kwamba mimi si mwanakikundi tena.

Kesho yake asubuhi bango jipya lilikuwa limeshaenea kwenye stetasi za watu. Mwalimu wetu amekunja mikono, suti ya buluu, na chini yake maandishi ya njano: asilimia 96 ya wanafunzi wetu wamefaulu, usajili wa Mei umeanza.

Usiku wa kuamkia mtihani kundi lilikuwa na watu 214. Nakumbuka namba hiyo kwa sababu niliitazama nikajipa moyo kwamba hatuko wachache. Rafiki yangu mmoja aliyefaulu pepa moja, na kwa hiyo akaachwa ndani, nilimwomba aniangalizie wamebaki wangapi. Walikuwa 53, wakiwamo maadmini wawili. Toa maadmini, wanabaki 51. Asilimia 96 ya watu 51 ni watu 49. Sasa chukua hao 49 uwagawe kwa wanafunzi 212 waliokuwamo awali: unapata asilimia 23.

Huenda hesabu yangu si sahihi. Huenda kuna waliofaulu wakajitoa wenyewe, na huenda kuna waliolipa ada wasiende kabisa kwenye chumba cha mtihani. Lakini hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mimi nimelazimika kukisia kwa kuhesabu vichwa vya WhatsApp, wakati mwenye darasa anazo namba zote kwenye daftari lake la malipo.

Nazungumzia madarasa ya mtandaoni ya kujiandaa na mitihani ya CPA, ile inayosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kila Mei na kila Novemba vijana wenye shahada za uhasibu na biashara hukaa kwenye mitihani hii, kwa sababu siku hizi shahada peke yake haikupeleki mbali. Matangazo mengi ya kazi ya uhasibu yenye mshahara wa kueleweka yana mstari mmoja unaosema mwombaji awe na CPA. Kati ya shahada na mstari huo pamezaliwa biashara ya madarasa. Zamani ilibidi uende Dar es Salaam, ukajibanze kwa shangazi, uhudhurie jioni. Sasa darasa linakufuata. Popote ulipo, ndivyo mabango yanavyosema.

Mimi popote nilipo ni hapa. Wilaya ya Same ina nyuso mbili. Chini kuna mji, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, vumbi, mkonge, na mtandao ambao si mbaya. Juu kuna milima: Vudee, Suji, Chome, Mamba. Kule juu baridi ipo, maji yapo, tangawizi ipo, na mtandao upo kwenye jiwe fulani au nyuma ya kanisa fulani, ukikaa ukielekea upande fulani. Mama yangu anaishi juu. Ada yangu ya darasa, shilingi 180,000, ilitoka kwenye gunia zake za tangawizi. Mama hajui CPA ni nini hasa. Anajua kwamba ni karatasi moja iliyobaki.

Darasa lilikuwa saa 2 usiku hadi saa 5, siku tano kwa wiki. Oktoba mama aliugua nikapanda kukaa naye wiki tatu. Kila usiku nilijifunga kanga mbili na sweta nikatoka na tochi hadi mahali penye mtandao, nikasikiliza kodi na taarifa za fedha huku sauti ya mwalimu ikikatika kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Niliomba mihadhara irekodiwe. Jibu likawa kwamba rekodi zinauzwa kando, kwa sababu wengine wanazisambaza bure. Kwa hiyo mimi niliyelipa nikaadhibiwa kwa kosa la wasiolipa. Kule "popote ulipo" hakukuondoa umbali. Kulihamisha gharama ya umbali kutoka kwa mwalimu ikaja kwangu: bando ni langu, tochi ni yangu, mafua ni yangu.

Hayo ningeyavumilia. Sisi tuliosoma huku tumezoea kutembea. Ambalo siwezi kulivumilia ni kile kilichofundishwa. Wiki mbili za mwisho masomo yalikoma, zikaanza spoti. Spoti, kwa asiyejua, ni utabiri wa maswali. Mwalimu anakuambia swali la kwanza litatoka hapa, la pili pale, hili usihangaike nalo. Spoti za pepa moja zilikuwa shilingi 30,000, nje ya ada. Nilinunua za pepa mbili. Nilijua ninachonunua, sitajifanya sikujua. Usiku wa manane, umechoka, umeogopa, mtu akikwambia anajua kitakachotoka unampa hela.

Kwenye C1, pepa ya taarifa za fedha za makampuni, spoti ilisema swali la kundi la makampuni litakuwa la kampuni mama kununua kampuni tanzu. Nikakariri hatua zote kwa mpangilio, kama sala. Arusha, ndani ya chumba cha mtihani, swali likaja na kampuni mama iliyouza sehemu ya hisa zake katikati ya mwaka. Anayeelewa kwa nini tunajumlisha vitabu vya makampuni mawili angeweza kulifikiria. Mimi nilikuwa na desa kichwani. Nikaliandika desa lote, safi kabisa, kwa swali ambalo halikuulizwa.

Najua litakalosemwa. Kwamba nimefeli, na aliyefeli hakosi sababu. Ni kweli nimefeli, na sehemu kubwa ya lawama naibeba mwenyewe: nilisoma kwa kuchelewa na nikapenda njia fupi. Pia najua walimu hawa wanafanya kazi. Wa kwetu alikuwa anaifahamu kodi kuliko mhadhiri yeyote aliyenifundisha chuoni, na rafiki yangu yule anaapa kwamba bila darasa asingefaulu hata hiyo pepa moja. Sitaki madarasa yafungwe. Yakifungwa, wa Dar es Salaam watapata mwingine mtaa wa pili, na wa Same tutabaki na vitabu vyetu na giza letu.

Ninachosema ni kidogo zaidi na, kwa maoni yangu, kinaaibisha zaidi. Sisi ni watu tunaosomea ukaguzi. C2 nzima inahusu jambo moja: usikubali namba kwa sababu aliyeitoa amevaa suti. Omba ushahidi, uwe wa kutosha, uwe wa kufaa. Angalia kama orodha uliyopewa imekamilika, maana mwenye kuficha mara nyingi haandiki uongo, anaacha tu kuandika baadhi ya mambo. Tunajibu maswali ya namna hiyo kwa kurasa nne. Kisha tunafunga kitabu, tunafungua simu, tunaona asilimia 96 kwenye bango, na tunatuma hela kwa namba ya mtu binafsi. Hatuulizi asilimia 96 ya nini. Hatuulizi ni ya waliolipa, waliofanya au waliobakizwa kundini. Hatuulizi hata risiti. Mwalimu ametufundisha kodi miezi mitatu, Mamlaka ya Mapato inaimba kila siku kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na kati ya wahasibu watarajiwa 212 sijaona hata mmoja aliyeidai. Mimi nikiwamo.

Tazameni bodi yenyewe inavyotangaza matokeo. Husema waliojiandikisha wangapi, ambao hawakutokea wangapi, waliofaulu wangapi na walioshindwa wangapi. Walioshindwa wamo kwenye hesabu. Hakuna anayewafuta usiku ili asubuhi asilimia ipendeze. Kama chombo kinachotutahini kinaweza kutuhesabu hadharani, anayetuuzia maandalizi ya mtihani huo huo anashindwa nini?

Huku kwetu suala la hesabu isiyoeleweka lina historia. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu. Januari 1945 Wapare kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika hapa Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika kitabu kuhusu mgomo huo, alionyesha kwamba hawakuwa wanakataa kulipa kodi. Walichokataa ni yale makadirio. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka nao. Lakini wajukuu wa watu walioshuka mlima mzima kudai waelezwe makadirio, leo tunatolewa kundini kimyakimya na tunaona haya kuuliza.

Haya ndiyo mtaji wa biashara hii. Aliyefeli haongei. Hataki ofisini wajue, hataki nyumbani wajue, na akitolewa kundini anashukuru kimoyomoyo kwamba hakuna aliyemwona akitoka. Asilimia 96 imejengwa juu ya ukimya huo. Ndiyo maana naandika kwamba nimefeli C1 na C2. Nimeshaliandika. Mbingu haijaanguka.

Ninalotaka kutoka kwa wenye madarasa halihitaji sheria mpya. Kabla ya kupokea hela ya mtu, mwambieni msimu uliopita walilipa wangapi, walifanya mtihani wangapi, walifaulu wangapi kwa kila pepa. Anayelipa ada apewe rekodi ndani ya ada hiyo hiyo, kwa sababu mtandao wa Chome si wa Mikocheni. Toeni risiti. Na mkiuza spoti, basi mtihani ukiisha wekeni kundini orodha ya mliyotabiri kando ya yaliyotoka, tuone. Mwenye mizani sahihi haogopi kupimiwa.

Kwa wenzangu nina maneno mengine. Milimani kwetu kuna ndiva, mabwawa ya asili ambamo maji hukusanywa usiku na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva haijengwi na mtu mmoja. Siku ya msaragambo kila mwenye shamba anatoka na jembe lake kuzibua tope, na asiyetoka anatozwa faini. Tangu Februari tuko watano hapa mjini, tunakutana kila Jumamosi saa 4 asubuhi kwenye chumba cha nyuma cha duka la mmoja wetu. Bodi imeweka kwenye tovuti yake mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, bure. Tunachapisha swali moja, tunalifanya kila mtu peke yake, kisha tunabadilishana karatasi na kusahihishana. Anayekosa Jumamosi bila sababu ananunua chai na maandazi ya watu wote. Hatuna suti wala bango. Tukifika Julai nitasema tulikuwa wangapi na tumefaulu wangapi, hata kama ni sifuri kati ya watano.

Na nyinyi mliofaulu mkaachwa ndani, nina swali kwenu pia. Mliona majina yetu yakitoka moja baada ya jingine usiku ule, mistari midogo ya kijivu katikati ya pongezi. Siwalaumu kwa kufurahi. Lakini asubuhi lile bango mlilibandika kwenye stetasi zenu, nanyi mlikuwa mnajua tulikuwa wangapi.

Wiki iliyopita admini wa darasa jingine alinitumia ujumbe. Bei ya punguzo, asilimia 94. Nikamuuliza kwa adabu: msimu uliopita walilipa wangapi, na kati yao walifanya mtihani wangapi? Alama za kusoma zikageuka buluu. Baada ya nusu saa akajibu: "Dada, unajiunga au hujiungi?"

Sijajiunga. Swali langu bado liko pale, linasubiri jibu.